Sehemu ya Kumi na Tisa

Alhamisi, Mabela, saa nne za usiku.
Kiyoyozi kinatema maji kwenye ndoo ya rangi,
nasi wanne chini mkekani, kofia mapajani,
kila mmoja na uzi wake,
kila mmoja na mtu wake.

Kwenye televisheni Abu Sarhan kapigwa risasi bandarini.
Hakufa. Angekufa ingekuwa rahisi.
Yupo hospitali na mipira puani,
na kile kiti chake cha ngozi, kule ghalani,
kinazunguka peke yake
kama cha mtu aliyenyanyuka kufuata chai.

"Nawafu," anasema Shinuna, macho kwenye sindano.
"Mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu.
Kiti kina jina la babake."

Thuwaiba anakata uzi kwa meno.
"Nawafu! Hata bei ya dizeli haijui yule.
Nani kaendesha gari miaka ishirini?
Nani kalala jela badala ya mzee, miezi kumi na minne,
katoka, hakuuliza hata sahani yake iko wapi?
Dahamu."

"Ndiyo. Na dereva ni dereva."

"Na dereva akizima gari?"

Kimya. Hata tangazo la mchele likawa refu.

Nilitaka kusema: jamani, hawa majambazi.
Wanavusha mizigo usiku, wanafukia watu mchangani,
nasi tunawachunguza kama wachumba,
huyu ana asili, huyu ana adabu.
Sikusema.
Maana najua, na Ghanima anajua,
na ile ndoo ingekuwa na masikio ingejua,
kwamba gereji ya Wadi Kabir
haikutajwa usiku ule, wala haikutoka chumbani.

Miaka kumi na saba Khalfani, mume wa Thuwaiba,
kalala chini ya magari ya watu.
Oili imemwingia kwenye mistari ya viganja,
ukimpa mkono unasoma kazi.
Alipofariki mwenye gereji, babake Shinuna,
ufunguo ukaenda kwa kaka mtu
aliyekuwa Dubai akiuza simu,
anayeshika spana kama samaki aliye hai.
Khalfani akasema, "Mabruki."
Jumamosi, saa moja kamili, yuko kazini.

"Mwaminifu si mjinga," Thuwaiba anaiambia skrini.
"Anahesabu tu."

"Basi akimgeuka mwenzake," Shinuna anasema, taratibu,
"hakuwa mwaminifu tangu siku ya kwanza.
Uaminifu unaosubiri malipo ni deni."

"Na deni halilipwi, wifi?"

Ghanima akacheka, akajifanya anakohoa.
Huyu ana miaka kumi na tisa,
kaimaliza tamthilia nzima kwenye simu, sehemu zote thelathini,
anajua nani atakikalia kiti na nani atafukiwa.
Shinuna kambembeleza jikoni, "Ninong'oneze tu."
Thuwaiba kamfuata varandani, "Mimi tu, simwambii mtu."
Wote wawili wamerudi na vikombe vya kahawa
na nyuso zile zile walizoondoka nazo.
Nikamtazama yule mtoto akitafuna halua,
nikamwogopa kidogo.

Mwisho wa kipindi Dahamu kaegesha nje ya hospitali.
Kazima taa. Kazima injini.
Mikono bado iko kwenye usukani.
Majina yakaanza kupanda, na muziki wao ule wa kilio.

"Hii ya kaka," Shinuna akasema, akaisukuma kofia mkekani,
saizi kumi na nusu, viua vya buluu,
ukingo bado. "Imalizie wewe.
Mkono wako ndio mzuri, sote tunajua."

Thuwaiba akaipokea.
Akaigeuza ndani nje, akahesabu viua kwa kucha,
akarudia safu moja mara mbili.
Kisha akainama chini ya taa, akaingiza sindano,
na pale nilipokaa
sikuweza kuona kama anashona
au anafumua.