Barua ya Tatu

Barua ya tatu hii, Mwalimu Mkuu.
Ya kwanza bado iko chini ya kikombe chako,
nimeiona, ina duara la chai.

Ulicheka: "Njugu? Sisi tumekulia hizo."
Hata mimi.
Lakini Lubna wangu, darasa la pili,
alishikwa mkono tu na mwenzake aliyetoka kula,
akajifuta mdomo,
na koo likawa tundu la sindano
ndani ya tuktuk, foleni ya Makupa,
nami nahesabu pumzi zake
kama chenji nisiyoiamini.

Dawa imo mkobani mwake.
Nani kati yenu ajua kumdunga?

Jana nilimwendea Bi Mwanarusi wa langoni,
na sinia lake la kashata.
Hakutaka cheti cha daktari.
Aliuliza: "Yupi, yule mwenye pengo?"

Leo sinia ni nazi tupu, sufuria mpya.
Wateja wananung'unika. Amewaambia watazoea.

Basi siombi makubwa.
Maji na sabuni mlangoni.
Mwalimu mmoja afunzwe kudunga.
Hasara ameshaibeba muuza kashata;
kwako umebaki wino tu.