Labda

Kila jioni Malkhazi aliingia na swali
kabla hajavua viatu:
"Eteri, leo nimegonga mtu?"
Nami, mke mwema, nikajibu hapana.
Hapana, mpenzi. Ungesikia kishindo.
Hapana, polisi wangepiga simu.
Hapana mara saba, hapana mara ishirini,
hadi mchuzi ukaganda mezani.

Anasambaza mikate hapa Kutaisi,
gari jeupe, barabara za mawe.
Kila tuta ni mtoto. Kila shimo, kikongwe aliyeteleza.
Anageuza gari, anachungulia, hakuna mtu.
Anaondoka. Kumbe mtaroni hakuangalia.
Anageuza.
Mikate ya saa moja inafika saa nne,
na mwenye duka haulizi tena kwa nini,
anakata tu pesa.

Kuuliza si ujinga, ndivyo tusemavyo.
Daktari Lamara alinitazama mimi, si yeye:
"Hiyo hapana yako, mama, ndiyo kuni."

Wakachora ngazi nyuma ya daftari la oda,
hofu kwa alama, moja hadi kumi.
Tatu: kukanyaga gunia la pumba, kisha kwenda zako.
Tano: uchochoro wa shule, watoto wakitoka.
Saba: usiku, mvua, na kioo cha nyuma
kitazamwe kama watu wengine wanavyokitazama.
Ya kumi waliiacha tupu.
Niliijua ya kumi.
Ya kumi ilikuwa mimi.

Daktari alikaa kiti cha abiria
akila mbegu za alizeti, maganda kiganjani.
Gunia likasema du.
"Ngapi?"
"Tisa."
"Twende."
"Ngapi?"
"Tisa, nimesema tisa!"
Wakavuka daraja la Rioni.
"Nane," akanong'ona, kama mtu aliyeibiwa.
Hakumsifu. Alitema ganda.

Haba na haba hujaza kibaba;
hiki chetu tulikuwa tunakimwaga, haba na haba,
na siku nyingine kilijaa tena usiku kucha.
Jumanne moja alisema anafuata sigara.
Alirudi na tope hadi magotini,
tochi imevimba mfukoni.
Sigara hakuwa nazo.
Nilifua suruali, nikanyamaza.

Kisha Novemba, mvua ya kupasua mabati.
Akasimama mlangoni, maji yakimchuruzika.
"Eteri."
Nilishika upawa kwa mikono miwili.
"Eteri, nimegonga mtu?"

Miaka kumi na minne ya hapana
ilinijaa kinywani, tamu, tayari.
Nikaimeza.
"Labda," nikasema.

Akaketi chini, pale pale, na koti lake.
Sikumgusa. Mungu anajua mkono wangu ulivyoniuma.
Saa ya ukutani ikafanya kazi yake.
Nikapakua maharage, nikaweka sahani sakafuni,
yangu kando ya yake.

Alikula na viatu miguuni.
Maharage yalikuwa bado ya moto.
"Sita," akasema, mdomo umejaa.