Gramu Mbili za Weusi

Ondari, kinyozi wa Kawangware,
hanitozi kitu. Gunia zima la nywele.
"Chukua, lakini usiniroge,"
anacheka, akipangusa mashine kwa spiriti.

Chiromo, maabara ya nyuma, bomba linavuja.
Naziosha, nazichemsha kwa magadi makali
hadi ziwe mchuzi; natia asidi,
tone,
tone,
na weusi unajitenga, unatua chini
kama mtu aliyechoka kubembelezwa.

Melanini. Hulinywa jua lisiitoboe ngozi,
huikamata risasi iliyojificha majini:
nimeijaribu kwa maji ya Mto Ngong,
chupa ya tatu, risasi ikapungua nusu.
Labda kesho chujio. Labda betri.
Labda rangi ya kupaka mabati ya Mukuru.

Jana shangazi Kavinya alinipigia.
Yuko River Road, ameona krimu mpya,
elfu mbili na mia tano, nimwongezee kidogo,
inatoa weusi kwa wiki tatu.

Sikumjibu mara moja.
Mizani ilikuwa mbele yangu,
dirisha nimelifunga, pumzi nimeizuia:
gramu mbili, kazi ya wiki tatu,
na chafya moja tu ingezipeperusha.