Herufi Arobaini na Mbili

Kwa kila mstari naruhusiwa herufi arobaini na mbili,
nafasi inahesabiwa, nukta inahesabiwa.
Kwa kila dakika ya filamu nalipwa pauni saba.
Nafanyia kazi jikoni, ghorofa ya tatu, Govanhill.
Glasgow imelowa tangu Jumanne
na kipasha joto kinakohoa
kama mgonjwa asiyetaka kulazwa.

Mwongozaji anaitwa Eilidh Drummond.
Alikaa Ujiji wiki sita, akanywa chai ya tangawizi,
akajua kuvua viatu bila kuambiwa.
Sina ugomvi naye. Amepiga picha vizuri:
mkeka, chetezo, kanzu za pasi ya mkaa,
kidole gumba cha kijana kwenye ukingo wa dufu,
globu moja, na kumbikumbi wakiitufu.

Dakika ya kumi na moja ni nyepesi.
Wanasema La ilaha illallah, naandika maana yake,
herufi zinatosha na chenji inabaki.
Dakika ya kumi na nne jina linaanza kumeguka.
Allah, kisha lah, kisha hu,
kisha hakuna herufi,
ni vifua tu, vinapanda, vinashuka,
msumeno ndani ya ubao mbichi.

Niandike nini?
Kistari kinapepesa, kinanidai.
Rasimu ya mashine imeandika: wanapumua.
Wanapumua!
Kama mtu aliyenyeshewa akasema: maji.
Nimefuta. Nimeandika: wanamtaja.
Nimefuta. Wanamtaja kwa lipi, na neno wamelimaliza?
Nimeandika: Yeye. Nimefuta,
maana lugha ya hapa inanitaka nichague, wa kiume au wa kike,
na yetu ilishafunga shauri hilo zamani
kwa silabi mbili.

Ndipo kamera ikageuka kushoto
nikamwona Mzee Songoro, baba yangu mdogo.

Utoto wangu wote niliisikia pumzi hii
nikiwa nyuma ya pazia la kitenge,
na shangazi zangu, na sinia za visheti,
na mtoto wa mtu amenilalia mapajani.
Niliijua kama mtu anavyoijua mvua ya bati.
Sikuwahi kuiona.
Eilidh ni mgeni, na mgeni huwekewa kiti:
walimweka upande wa pili.
Kwa hiyo ni leo, kwa jicho lake la kuazima,
naiona midomo.
Sikujua kwamba alikuwa akifumba macho.
Sikujua kwamba alikuwa akitabasamu,
yule mzee aliyetuchapa kwa kuchezea udi.

Nilibonyeza kitufe.
Akasimama, kifua kimejaa.
Amefariki mwezi wa tatu, tukazika kwa simu,
na sasa nimemshika hapa, na pumzi ndani,
kati ya birika na bili ya gesi.
Niliogopa kubonyeza tena.
Chai ikapoa. Jirani akapiga ukuta, sijui kwa nini,
jiko lilikuwa kimya.

Nikabonyeza.
Ikatoka.

Eilidh aliandika barua pepe:
dakika ya kumi na nne hadi ya kumi na saba pako tupu chini,
je, kuna hitilafu?
Nikamjibu: hapana.

Walionyesha Novemba, ukumbi wa viti tisini,
makoti yakinuka mbwa na mvua.
Maandishi yalipokatika mtu mmoja akacheka kidogo,
akadhani mtambo umekwama.
Wengine wakatazama chini ya picha, wakasubiri,
wakapandisha macho.
Mbele yangu bibi mwenye skafu ya kijani
mabega yake yakaanza kupanda na kushuka.
Labda ni pumu. Sikumuuliza.

Malipo yameingia jana, pungufu:
wamekata pauni ishirini na moja,
dakika tatu zisizo na maneno.
Sikubisha.
Nimeziandika daftarini kwa kalamu,
sadaka ya Mzee Songoro,
na mbele ya jina lake nikaacha nafasi,
ambayo pia inahesabiwa.