Daftari la Mhazini

Walinichagua mhazini kwa kuwa sikuhama.
"Wewe si upo Masasi?" walisema,
kana kwamba kuwapo nako ni cheo.
Nikanunua daftari la kurasa tisini na sita,
nikapiga mistari kwa rula ya darasani:
jina, alipo, alichotoa.

Chilumba, Somoe. Newala, tangu arudi.
Alimfuata mume Mueda, ng'ambo ya Ruvuma,
akarejea na watoto wawili wanaoomba maji kwa Kireno.
Anauza vitenge. Katoa doti mbili,
"bei utajaza mwenyewe."
Safu yangu ni ya shilingi; kitenge kimekaa pembezoni,
ua moja nimelichora kwa kalamu ya bluu.

Hokororo, Fidea. Dodoma, wizarani, ghorofa ya tano.
Laki moja, na risiti anaitaka.
Simu ilipokewa na katibu muhtasi.
Nikasema: mwambie ni yule wa bwenini,
aliyekuwa akipokezana naye kandambili,
jozi moja watu wawili, kwenda bafuni.
Kimya. Halafu kicheko, kilekile,
cha mtu anayepaliwa na uji.

Likwata, Ausi. Ghala la korosho, Tandahimba.
Aliikimbia chaki mwaka wa pili kazini.
"Gunia," anasema, "halinyooshi mkono kuuliza swali."
Msimu wa mnada ni tajiri, hadi Januari.
Ameahidi. Aliahidi na mwaka juzi.
Yeye nimemwandika kwa penseli.

Mchopa, Gaudensi.
Mkono ulikwisha andika ndipo nikakumbuka.
Si kosa la mkono: miaka miwili ya mahudhurio
baada ya Likwata huja Mchopa,
na Mchopa huitika kwa niaba yake na ya waliotoroka,
sauti tatu kwa koo moja.
Tulimzika Lukuledi, Machi,
maji ya kaburini tukiyachota kwa ndoo ya shule.
Sikumfuta. Penye "alipo" nimeacha wazi.
Mwanawe wa mwisho yupo kwangu, darasa la tano;
kila asubuhi naita Mchopa, naye huitika
taratibu, mara moja tu.

Nalyoto, Batholomeo. Njiani, labda Tunduma. Elfu hamsini.
Alikuwa akichora Afrika ubaoni bila kutazama kitabu;
sasa anaipita kwa tairi ishirini na mbili.
"Mhazini, ile mipaka niliyokuwa nikiivuta kwa sekunde,
watu wanalala juu yake siku nne wakingoja muhuri."

Tukakutana Jumamosi moja ya Julai,
upepo wa Mtandi ukinyanyua vitambaa vya meza,
harufu ya salfa ikitoka kwenye mikorosho ya jirani.
Tulichemsha ming'oko ya watu arobaini.
Tukaja kumi na mmoja.
Somoe alipakua. Ausi, asiyelipa, alikula kwa wanne.
Fidea hakuwahi: kikao.
Tukaulizana vyeo, kisha watoto,
kisha, kwa sauti ya chini, presha na sukari.
Mtu akanigeukia, "Na wewe, una habari gani?"
Nikasema habari yangu ni nyinyi.
Wakacheka. Sikuwa nikitania.

Baki: shilingi elfu tatu na mia tano.
Nimenunua kandambili.
Ya kushoto nimemfungia Fidea kwa gazeti,
imepanda basi la Dodoma alfajiri.
Ya kulia ninayo.
Risiti ndiyo hiyo.