Gundi Haingoji

Mwanzi umeteremka kutoka Budadiri kwa bodaboda,
ncha zake zikichora vumbi nyuma kama mkia.
Nimeupasua, nimeuanika darini miezi mitatu
juu ya moshi wa maharage.
Upande wa ganda ndio mgongo wa upinde.
Ganda siligusi kwa randa.

Chini ya mwanzi, mvule:
ubavu wa kitanda alichofia baba,
kitanda tulichokigombea mimi na kaka yangu Khaukha
mpaka kikapitishwa msumeno, nusu kwa nusu,
na nusu ya kitanda haimlazi mtu.
Chini ya mvule, mgrevilea wa dawati la shule
ulioandikwa WAMIMBI kwa kalamu ya buluu.
Tumboni, msambya, uliokuwa nguzo ya banda
na bado, ukiuranda, unanuka mbuzi.
Kila ubapa unene wa sarafu mbili za mia mbili, si zaidi.

Wa kwanza ulinivunjikia Machi.
Nilikuwa na majiliwa kumi na moja na hasira ya kutosha.
Nikakaza, nikakaza, gundi ikachuruzika
kama uji unaofurika sufuria, nami nikafurahi,
nikidhani kinachotoka ni ziada.
Siku ya kuuvuta ulitoa mlio wa mlango unaobamizwa.
Nikaokota vipande: mbao nzima, kila moja nzima,
na kati yake pakavu.
Nilikuwa nimekamua kilekile kilichotakiwa kubaki.

Safari hii sibani kwa chuma. Nimekata tyubu za baiskeli
utepe baada ya utepe, upana wa vidole viwili.
Lakini tyubu inataka mikono minne,
na Gidudu, kijana wangu wa karakana, yuko mazishini Bududa,
na gundi nimekwisha kuikoroga.
Dakika arobaini. Gundi haingoji mazishi.

Ndipo kivuli kikasimama mlangoni, hapa Namakwekwe:
Khaukha, na bahasha ya mahakama mkononi,
kesi ya shamba, toka mgomba wa saba hadi mtaroni.
Hatujaongea tangu kitanda.
Nikasema, "Shika hapa."
Akatazama bahasha. Akatazama gundi.
Akaiweka bahasha mezani, akakunja mikono ya shati.

"Nivute kiasi gani?"
"Kama unamfunga mtoto mgongoni."
"Sijawahi kumfunga mtoto mgongoni."
"Basi kama unafunga mbuzi usiyetaka kumuuza."
Akacheka kwa pua, kama baba.
Tulianzia kiunoni mwa upinde, yeye akienda juu, mimi chini,
tyubu ikipanda juu ya tyubu,
matone madogo yakitokeza ukingoni na kukaa palepale
kama jasho la mdomo wa juu.
Hatukutaja mgomba wala mtaro.
Alipotaka kuondoka, bahasha ilikuwa imeshikwa na meza.
Akaivuta; nusu ikaja.
Nusu ya pili iko hapo hadi leo, na muhuri wake,
na kesi iko palepale, tarehe ishirini.

Leo nimeutundika upinde ukutani,
jerikeni ya manjano ikining'inia kwenye upote.
Naongeza maji kikombe kwa kikombe.
Mkono wa kushoto mkaidi;
naukwangua kwa kipande cha chupa, vumbi laini kama unga wa muhogo,
natundika tena, narudi nyuma hatua tatu, natazama.
Lita kumi na mbili. Kumi na nne.
Nimepitisha ukucha ubavuni, kutafuta
kitanda kinapoishia na dawati linapoanza.
Ukucha haukukwama.
Lita kumi na sita, na hakuna sauti
ila maji yakitulia.
Gidudu anasema yatosha.

Naongeza kikombe kimoja.