Ukija, Washa

Masanduku matatu juu ya meza ya jikoni.
Réjean kayapanga kama anayechagua tikiti,
kayagonga mgongoni kwa kidole, kasikiliza.

La kwanza, asema, ni jepesi kutumia,
ila kila neno hulipeleka kwanza kwa wenye kampuni
huko California, likaombewe ruhusa.
"Niombe ruhusa California kuwasha taa ya choo changu?"
La pili ni la kodi: dola kumi na moja kila mwezi,
ukikosa kulipa nyumba inakuwa bubu.
La tatu halina sura. Kibao cha saketi
kama kipande cha sabuni iliyokwisha nusu,
na kijitabu kilichoandikwa na mtu asiyependa watu.

Akalichukua hilo.
Miaka thelathini na minne kwenye tanuri za alumini,
hakuzoea kitu kilicho tayari.

Januari, Chicoutimi. Nje digrii thelathini na moja chini ya sifuri,
mto Saguenay umenyamaza ndani ya barafu.
Mume wangu, miwani mbili, moja machoni, moja utosini,
anaifundisha nyumba:

    Jua likizama, shusha mapazia.
    Baridi ikizidi, ongeza joto ukumbini.
    Mtu akipita koridoni usiku, washa taa, iwe hafifu.

Nyumba haikujua mtu ni nani.
Usiku wa kwanza Pistache, paka wetu, alikuwa mtu
mara ishirini na tisa.
Taa ikawaka, ikazima, ikawaka,
hata Madame Potvin wa ng'ambo akapiga simu
kuuliza kama tuna mgonjwa.
Réjean akarekebisha: mtu ni kitu kinachozidi goti.
Nikamwuliza, na mjukuu akija anatambaa?
Akanitazama.
Mjukuu yupi.

Mimi sikutaka mambo haya. Swichi ya ukutani ilinitosha,
ina weusi wa kidole changu tangu mwaka wa themanini na sita.
Lakini Aprili, alipokwenda Jonquière kung'olewa jino,
nilikaa mbele ya kompyuta nikazisoma sheria zake
kama mtu anayepekua mifuko ya koti kabla ya kufua.

Ya ishirini na tatu haikuwa na maelezo:

    Mlango wa nyuma ukifunguliwa kwa namba 0611,
    saa yoyote, siku yoyote,
    washa taa za ngazi zote.
    Chumba cha juu, digrii 15.
    Usipige king'ora.

Tarehe sita Novemba. Solange.
Miaka minne. Aliondoka kwa mlango huohuo,
buti hazijafungwa kamba,
na neno la baba yake likimfuata hadi garini.
Tangu hapo hatumtaji mezani. Tunapeana chumvi.

Nyumba inajua akija.
Inajua pia asipokuja: saa sita za usiku
huandika kwenye daftari lake, mlango wa nyuma, hakuna.
Usiku tisini na mbili. Hakuna. Hakuna.
Lakini angalikuja, hilo haijui.
Nilitafuta kila ukurasa, hamna mahali pa kuandika laiti.
Hiyo kazi imetuachia sisi.

Na digrii kumi na tano!
Mtoto aliyelala na soksi hata Julai.
Nikaifuta namba ile, nikaandika ishirini na mbili,
mkono ukinitetemeka kama ninayetia saini benki.
Nikabonyeza hifadhi. Nikafunga.

Alirudi shavu limevimba, hawezi kusema.
Jioni akazifungua sheria zake kama kawaida,
mimi namenya viazi.
Alikawia mno kwenye ya ishirini na tatu. Hata kisu changu kilisimama.
Kisha akavaa koti, akachukua koleo,
akaenda kuondoa theluji kwenye kizingiti cha nyuma,
theluji ya mwisho, chafu,
ambayo ingeyeyuka yenyewe kufikia Jumapili.

Taa ya nje ikamwona,
ikamhesabu kuwa ni mtu,
ikawaka.